Chuma Kiko Ndolezi, Wageni Wako Barabarani

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma likifika Mlowo, halikai. Konda anagonga bodi mara mbili, abiria wawili watatu wanashuka na mizigo yao, akina mama wanainua mabeseni ya ndizi na karanga hadi usawa wa madirisha, na kabla chenji haijarudi gurudumu limeshaanza kuzunguka. Nyuma yake unafuata msururu wa malori, yenye shaba ya Kongo na Zambia yakishuka kwenda bandarini, yenye mafuta na mbolea yakipanda kwenda mpakani. Ukimuuliza dereva au utingo wake Mlowo kuna nini, atasema kuna soko la mahindi. Hajakosea.

Ila njiani amepita jirani na bonge la chuma lililotoka angani, akapita nchi ya wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo kabla Mjerumani hajafika, na upande wa kaskazini ameliacha bonde ambalo limewapa wataalamu wa dunia mifupa ya wanyama waliokufa miaka zaidi ya milioni sabini iliyopita. Hakuna aliyemwambia. Mlowo hakuna hata chumba kimoja cha kumwambia.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na mfano mzuri wa msemo huo ni Mkoa wa Songwe. Mkoa huu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na tangu hapo viongozi wake wamekuwa wakiutaja utalii katika karibu kila hotuba. Kila mara mgeni anayeongelewa ni yule wa kutoka mbali, mwenye kofia na kamera, anayesubiriwa ashuke ndege Mbeya. Mgeni aliyekwisha kufika, aliyeketi kiti cha dirishani akimenya ndizi ya Mlowo, hahesabiwi. Makala haya yanamtetea huyo. Songwe inahitaji jumba dogo la makumbusho, na mahali pake ni katikati ya Mlowo, karibu na stendi na soko, mahali watu walipo tayari.

Mji wa Mlowo una jina moja na mto unaopita hapo, nao ni katika mito ya nyanda za Mbozi ambayo maji yake huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji yakiingia Rukwa hayana pa kwenda. Watu na mizigo, kinyume chake, hupita Mlowo bila kukaa. Mji umejijenga kwa biashara ya kupita, ya nafaka, kahawa, vifaa vya ujenzi na nguo, na nyumba za wageni ambazo hujaa usiku na kuwa tupu asubuhi. Miji ya namna hii huwa haijioni kuwa na historia, maana historia hudhaniwa kuwa ni ngome ya pwani au kaburi la chifu. Mlowo haina ngome.

Lile bonge la chuma, Kimondo cha Mbozi, limelala katika kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Urefu wake ni kama mita 3 na kimo chake kama mita 1. Uzito unakadiriwa kuwa tani 16, ingawa vitabu vya zamani viliandika 25, maana hakuna aliyewahi kukinyanyua na kukiweka kwenye mizani. Asilimia 90 hivi ni chuma, karibu 9 ni nikeli, na kilichobaki ni shaba, salfa na fosforasi kidogo sana. Hutajwa kuwa cha nane kwa ukubwa duniani. Hakuna shimo kubwa lililokutwa pale, wala wazee wa Kinyiha hawakuwa na simulizi iliyorithiwa kuhusu siku kilipoanguka, na kwa sababu hiyo wataalamu huamini kilianguka zamani mno, maelfu ya miaka kabla ya kumbukumbu ya ukoo wowote ulioko Mbozi leo.

Kwa maandishi, habari zake zinaanza mwaka 1930, pale mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, alipokifikia. Kilikuwa kimezikwa nusu. Ukachimbwa mtaro kukizunguka, nguzo ya udongo ikaachwa chini yake, nguzo hiyo ikajengewa, na ndiyo jukwaa linaloonekana hadi leo. Desemba ya mwaka huohuo mjiolojia wa serikali ya kikoloni, D. R. Grantham, alitaka kipande cha kupimwa. Alitumia msumeno wa chuma kwa muda wa saa kumi kupata kipande kisichozidi upana wa kiganja. Anayetaka kujua kwa nini kimondo hiki hakijaibiwa, jibu ni hilo.

Kipande kama kile kikisuguliwa hadi king'ae, kisha kikapakwa tindikali, hujitokeza mistari iliyokatizana kama ukili wa mkeka. Ni fuwele za chuma na nikeli zilizokua polepole, huko angani, wakati chuma hicho kikipoa kwa mamilioni ya miaka. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuitengeneza, kwa sababu hakuna kiwanda chenye muda huo. Mtu anaweza kusimama mbele ya kimondo cha Ndolezi nusu siku nzima asiuone mkeka huo, kwa kuwa uko ndani. Unaonekana kwenye kipande kilichokatwa tu, na vipande vilivyokatwa vya Mbozi vimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo.

Haki isemwe: Ndolezi hapajatelekezwa. Kimondo kinalindwa kisheria tangu mwaka 1967, usimamizi wake umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, pana mahali pa kupokelea wageni, na kila tarehe 30 Juni mkoa huadhimisha hapo Siku ya Vimondo Duniani, siku iliyochaguliwa kukumbuka mlipuko wa Tunguska, Urusi, wa mwaka 1908. (Timu ya mpira ya Kimondo, iliyowahi kucheza Ligi Daraja la Kwanza, nayo ililitangaza jina hilo redioni kuliko mabango mengi ya utalii.) Shida ni kwamba kufika huko kunamtaka mtu awe ameamua kwenda. Lazima ajue kwamba kipo, aiache lami, apate usafiri wa kumpeleka na wa kumrudisha. Wanafunzi huletwa kwa basi la shule, viongozi huja kwa misafara. Mchuuzi wa mahindi aliyetoka Sumbawanga na mwenye saa mbili za kusubiri gari lake lijazwe, huyo haendi.

Hapa New York ina la kufundisha, zuri na baya. Katika Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya Marekani, katikati ya jiji lile, kimo kimondo cha Willamette chenye tani 15 na nusu, yaani karibu sawa na cha Mbozi. Kilitolewa Oregon na kimekuwa pale tangu mwaka 1906. Wahindi Wekundu wa Clackamas, waliokiita Tomanowos na kukiheshimu kama kitu kitakatifu, walibaki bila jiwe lao. Mwaka 2000 warithi wao na makumbusho walifikia makubaliano, na sasa huja mara moja kwa mwaka kufanya ibada mbele yake. Katika makumbusho hayohayo pana kimondo cha Ahnighito, tani 31, kilichobebwa na Robert Peary kutoka Greenland mwaka 1897. Wainuiti walikuwa wamekichonga kwa vizazi kupata makali ya visu na ncha za mikuki, kwa sababu nchi yao ya barafu haikuwapa chuma kingine. Ni kizito kiasi kwamba nguzo zinazokishikilia zimepenya sakafu hadi kwenye mwamba chini ya jengo.

Mbozi haikufanyiwa hivyo. Namibia pia haikufanyiwa: Hoba, kimondo kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana, kipatacho tani 60, bado kiko palepale karibu na Grootfontein. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani hoja ya makala haya ni kukihamisha Kimondo kukileta stendi. Kibaki kilipolala. Ila New York inaonyesha kwamba chuma kisichosema neno kinaweza kusimulia mengi kikiwekwa mahali watu wanapopita kwa miguu, na simulizi hizo zinaweza kuja Mlowo bila jiwe lenyewe kusogea hata inchi.

Simulizi nyingine ni ya chuma kile kingine, cha ardhini. Wanyiha walikuwa wahunzi. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha katika tanuri za udongo zilizojengwa kwenda juu, wakapata majembe, mashoka na mikuki, bidhaa zilizotembea mbali kwa biashara na kwa mahari. Majirani zao Wafipa walijenga tanuri za aina hiyo, malungu, na baadhi ya magofu yake bado yamesimama Rukwa, marefu kumzidi mtu. Watafiti walikuja Mbozi miaka ya 1960 na kuuandika ufundi huo wakati wazee walioukumbuka walikuwa bado hai. Ulikufa taratibu pale chuma chakavu na jembe la dukani vilipofika kwa bei nafuu. Hakuna aliyeukataza kwa bunduki. Ulishindwa na duka, na duka lenyewe mara nyingi lilikuwa katika miji kama Mlowo. Makumbusho yaliyojengwa hapa yakiueleza uhunzi bila kulisema hilo yatakuwa yanaremba.

Na tazama mambo yalivyokaa: watu walikuwa wakitoa chuma kwenye udongo kwa jasho la siku kadhaa, na huku tani 16 za chuma kilicho tayari zimelala Marengi. Mtoto yeyote wa Mbozi akiwekewa mbele yake ukoko wa tanuri la babu zake na kipande cha nyota kilichosuguliwa, atauliza maswali ambayo mwalimu wa kemia amekuwa akiyatafuta kwa muhula mzima.

Halafu kuna mifupa. Katika hili Songwe inasikitisha, kwa sababu dunia inaijua kuliko inavyojijua. Mwaka 2004, kwenye ukuta wa genge juu ya bonde la Mto Mtuka, mto ukaukao kiangazi, watafiti waliona mifupa ya dinosaria. Waliichimba kwa miaka kadhaa, na Februari 2019 wakamtangaza mnyama mpya kwa jina la kisayansi Mnyamawamtuka moyowamkia. Msomaji hakukosea kusoma. Ni Kiswahili kilichounganishwa tu: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia, kwa sababu pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 100. Maprofesa wa Ulaya na Marekani wanakunja ndimi kulitamka jina ambalo mtoto wa darasa la pili Mlowo analisoma bila kukohoa.

Si huyo peke yake. Mwaka 2017 alitangazwa Shingopana songwensis, aliyechimbwa eneo la Galula, na mifupa yake ina vitobo vya wadudu walioila baada ya mnyama kufa. Mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo kama paka, mwenye meno ya kutafuna yanayofanana na ya mnyama anyonyeshaye; nusu ya jina ni paka wetu huyuhuyu, na nusu ni heshima kwa Saidi Kapilima, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2013, kutoka katika bonde hilohilo la ufa la Rukwa, yalitangazwa mabaki ya nyani wawili wa miaka milioni 25, mmoja wa ukoo wa masokwe na binadamu, mwingine wa ukoo wa tumbili na ngedere. Ni ushahidi wa zamani kuliko wote uliojulikana wa koo hizo mbili kuachana.

Mifupa halisi ina thamani mno kuwekwa kando ya stendi yenye vumbi, na hakuna anayeomba hivyo. Makumbusho mengi duniani huonyesha nakala. Hata dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na ambaye leo amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, baadhi ya sehemu alizoonyeshwa nazo ni za kuigizwa. Nakala ya pingili moja ya mkia yenye umbo la moyo haihitaji ghorofa wala kiyoyozi. Inahitaji meza.

Barabara yenyewe nayo ni kivutio, japo anayeishi juu yake ndiye wa mwisho kukubali. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta yakaanza kupitishwa hapa, katika mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya udongo iliyowaua madereva wengi hata ikabandikwa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 lilikamilika. Lami ikafuata. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Bomba, lami na reli, vyote vimebanana katika ukanda huu mwembamba wa Mbozi, na vyote vilijengwa kwa sababu nchi moja maskini ilikataa kumwacha jirani yake anyongwe kiuchumi. Wapo wazee wa hapa waliobeba tuta la reli hiyo kwa mikono yao. Kumbukumbu hizo haziko katika hifadhi ya nyaraka, ziko vibarazani, na wenyewe hawazidi kuwa vijana.

Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde ya upande wa Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha, na foleni ya malori bado huwa habari. Dereva anayesubiri ana muda mwingi kuliko mtalii yeyote.

Pingamizi liko wazi. Makumbusho mengi ya mikoani yamefungwa kufuli, mlinzi amekwenda shambani, na ndani mna ngoma mbili zilizotobolewa na panya. Kwa nini Mlowo iwe tofauti? Majibu yako jirani. Mbala, ng'ambo ya mpaka, mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Abercorn na ambako Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, una Makumbusho ya Moto Moto. Yalianza na padri mmoja wa Kanada, Jean Jacques Corbeil, aliyekusanya vitu vya Wabemba kwa miaka mingi, vikiwemo vifaa vya unyago, yakafunguliwa kwa umma mwaka 1974. Yalipewa jina la utani la Askofu Joseph Dupont, ambaye Wabemba walimwita Moto Moto. Mbala ni mji mdogo, tena uko kando ya njia kuu. Iringa nayo ilichukua boma la enzi za Wajerumani, lililokuwa ofisi ya serikali, na kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa ikaligeuza makumbusho mwaka 2016. Hawakusubiri kujenga. Walipaka rangi, wakapanga vyumba, wakafungua.

Mlowo haina boma la kupaka rangi, lakini ina kitu ambacho Iringa ingekitamani: mabasi yanayotafuta mahali pa abiria kuchimba dawa. Jengo lenye vyoo safi, maji, na kikombe cha kahawa litamfanya dereva asimame dakika ishirini bila kubembelezwa. Na kahawa iwe ya Mbozi. Ni jambo la ajabu kwamba wilaya yenye kituo cha utafiti wa kahawa pale Mbimba, ambayo arabika yake hunywewa ng'ambo, humkaribisha mgeni barabarani kwa chai ya maziwa. Magunia yanapita, harufu haibaki. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema, lakini mgeni mwenyewe ashushwe kwanza kwenye gari.

Vwawa watadai jumba hilo kwa kuwa ndio makao makuu. Ni haki yao kudai. Wana ofisi ya mkuu wa mkoa, wana hospitali, wana hadhi; Mlowo ina soko, na makumbusho hufa yanapojengwa karibu na ofisi, kwa sababu ofisi hufungwa saa tisa na nusu alasiri na mtaa wote hulala nayo. Soko halilali mapema hivyo.

Wala hakuna haja ya kuanza na ramani za jengo. Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi ikishirikiana na wasimamizi wa Ndolezi inaweza kuandika barua moja kwa makumbusho yoyote ya ng'ambo yenye kipande cha Mbozi, ikaomba kirudi kwa mkopo kipande kimoja kilichosuguliwa, kile chenye mistari ya ukili. Kiwekwe kwenye kabati la kioo katika chumba cha kupanga kando ya stendi, pembeni yake ukoko wa tanuri la Kinyiha na nakala ya pingili ya Mnyamawamtuka, na ukutani pabandikwe bei ya kuingia ambayo mpiga debe anaweza kuilipa. Funguo apewe mtu anayekaa hapo hapo mtaani.